Kokteli ya Mjini na Rubisi ya Kasulu

(Mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni)

Ukiingia katika hoteli yoyote kubwa ya Dar es Salaam au Mwanza jioni ya Ijumaa utamkuta kijana mwenye tai nyuma ya kaunta, akitikisa kikopo cha chuma juu ya bega lake kwa madaha kama mpiga kayamba. Anachanganya kokteli. Mteja ataletewa glasi ndogo yenye kipande cha ndimu mdomoni, atalipa fedha ambayo katika soko la Kasulu ingenunua mkungu mzima wa ndizi na chenji ikabaki, kisha ataivuta kwa mrija taratibu akiamini kwamba anakunywa ustaarabu wenyewe.

Sina ugomvi na mteja huyo. Fedha ni zake. Lakini siku hizi mchezo huu umetoka hotelini umehamia majumbani. Ipaimara, mahafali, siku ya kuzaliwa, hata kikao cha harusi, lazima pawe na ndoo ya plastiki iliyochanganywa vitu ndani yake, na jina lake ni kokteli. Kwa hiyo nimeona juma hili tulizungumze jambo hili kwa kirefu: vinywaji hivi vimetoka wapi, vinatengenezwaje, na nini hasa kimo katika chupa inayomiminwa ndani ya ndoo. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Neno kokteli si la jana. Gazeti moja la mjini Hudson, katika jimbo la New York, Marekani, liliwaeleza wasomaji wake mwezi Mei 1806 kwamba kokteli ni mchanganyiko wa pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na kitu kichungu. Vitu vinne, basi. Hicho kichungu aghalabu kilikuwa ni dawa ya tumbo. Maarufu kuliko vyote mpaka leo ni kile alichokitengeneza daktari Mjerumani, Johann Siegert, mwaka 1824 katika mji wa Angostura, Venezuela, kwa ajili ya matumbo ya askari. Askari walipona au hawakupona, lakini wenye vilabu waligundua kwamba matone mawili matatu ya dawa ile yanaipa pombe ladha, na chupa ya Angostura ikahama kutoka kabati la daktari kwenda kaunta ya baa.

Sasa twende Kilimanjaro kidogo kabla hatujafika Kigoma. Mbege ya Wachaga inatokana na ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa zichachuke, ikachanganywa na uji wa ulezi ulioota, na ndani yake hutiwa gome la mti wa msesewe, ambalo ni chungu kweli kweli. Utamu wa tunda, maji, kilevi na uchungu wa gome. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, uone kama fomula ya gazeti lile la Hudson inapungua kitu. Tofauti moja ni kwamba kilevi cha mbege hakijakenekwa. Mzee wa Marangu hakuhitaji kusoma gazeti la Marekani ili ajue kwamba utamu mtupu unakinaisha na unahitaji uchungu wa kuukata.

Kasulu na Kibondo wana hadithi yao. Nyanda zile za juu za Buha, zilizokuwa na tawala za Heru, Muhambwe na Buyungu (majina mawili ya mwisho bado unayasikia kila uchaguzi mkuu, maana ni majimbo ya ubunge), ni nchi ya migomba. Pombe yake kubwa ni ya ndizi, ile ambayo sisi wengine tumezoea kuiita rubisi, Warundi wakaiita urwarwa na Wanyarwanda urwagwa. Wakimbizi wa Burundi walipovuka mpaka kwa maelfu baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, wakawekwa katika makambi ya Kibondo kama Kanembwa na Mtendeli, palihitajika mambo mengi: mahema, maji, dawa, chakula. Mkalimani kati ya Mrundi na Muha hakuhitajika, maana lugha zao ni ndugu, na habari za mgomba wa pombe ni zile zile pande zote mbili za mpaka.

Mtu wa mjini hudhani kwamba pombe ya ndizi ni ndizi zozote zilizooza zikatiwa maji. La hasha. Kwanza, migomba ya pombe ni aina yake. Ndizi yake ikiwa mbichi ina ukakasi unaokamata ulimi, haiwafai wapishi. Lakini ukakasi huo huo una kazi: ndizi ikishaiva na kukandwa, juisi hujitenga na makapi ikatoka safi. Chukua ndizi ya kupika, iache iive, ikande kutwa nzima. Utapata rojo tu, hutapata juisi. Mkulima aliyejua tofauti hii na kuipanda migomba yake mbalimbali, huyu wa pombe kule, huyu wa chakula huku, alikuwa mtaalamu wa kemia asiye na cheti.

Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado kijani. Zinafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, na shimo hupashwa joto kwa moto, au zinatundikwa juu ya meko jikoni. Siku nne, tano, hata sita, zinaiva zote kwa pamoja, jambo ambalo zikiachwa mgombani hazilifanyi. Kisha zinamenywa, zinatiwa katika mtumbwi mdogo wa mti uliochongwa, na kukandwa pamoja na majani makavu marefu. Majani yale si uchafu. Ndiyo yanayoshika makapi na kuiruhusu juisi itiririke, yaani ni chujio. Juisi ya kwanza ni nzito na tamu kiasi cha kukwaruza koo. Huongezwa maji kwa kipimo anachokijua mtengenezaji, huchujwa tena, kisha huingia mtama uliokaangwa na kusagwa kwa kukwaruza, usiwe unga laini. Mtama huo unaleta hamira ya asili, unaleta rangi, na unaleta ule uchachu-uchungu wa mbali unaouona nyuma ya utamu. Hufunikwa kwa majani ya mgomba, hukaa mahali pa joto siku moja hadi tatu.

Tunda la shambani, nafaka ya ghalani, maji ya mtoni. Kama huo si mchanganyiko uliopangwa na akili ya binadamu, sijui mwenye hoteli anauza nini.

Na hapa niseme neno ambalo baadhi ya jamaa zangu wa mjini hawatalipenda. Pombe hii ya wazi ina sifa moja ambayo ndoo ya mahafali haina: haiwezi kuficha mambo. Rubisi iliyotengenezwa vibaya hunuka, hugeuka siki, na mnywaji wa Kasulu huijua kabla haijafika kinywani. Halafu ina mwisho wake. Chachu inapofikia nguvu fulani hufa kwa kilevi ilichokitengeneza yenyewe, ikasimama. Mtu anaweza kulewa rubisi mpaka akalala njiani, na ndoa nyingi zimevunjika kwa ajili yake, sisemi kwamba ni maziwa. Lakini pombe iliyochachushwa haina hatari ile ya pombe iliyokenekwa kwa siri.

Maana binadamu hakuridhika. Alichukua pombe iliyokwisha kusimama, akaiweka motoni katika pipa, akapitisha mvuke katika bomba lililozungukwa na maji baridi, akakinga matone. Hiyo ndiyo gongo, au moshi. Kenya ni chang'aa, Rwanda kanyanga, Kongo lutuku. Uganda ni waragi, na wenzetu hao walipita njia yao: sheria yao ya mwaka 1965 iliwataka wakenekaji wa vijijini wapeleke pombe yao, enguli, kiwandani ikasafishwe, na humo ndimo ilimozaliwa Uganda Waragi ya chupa. Sisi tulitunga sheria ya moshi mwaka 1966, na gongo mpaka leo ni haramu kwa sheria. Kwa upande wa halali tukapata Konyagi, inayotoka Dar es Salaam, yenye kilevi cha asilimia 35, na jina lake ni konyaki ya Wafaransa iliyopewa uraia.

Sasa tutazame baadhi ya mchanganyiko wenye sifa duniani, nao utaona unafuata njia ile ile ya dawa kugeuka starehe.

Jini na toniki ni wa kwanza. Waingereza walipokuwa India walilazimika kumeza kwinini kujikinga na malaria. Kwinini ni gome la mti wa Amerika ya Kusini, chungu kuliko shubiri. Wakaikoroga na sukari na maji, na kwa kuwa dawa ni dawa hata ikiwa na mwenzake, wakatia na jini. Mti wenyewe ulifika kwetu: Wajerumani waliupanda Amani, milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne iliyopita, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Bukavu, mashamba yake yameendelea kwa miaka mingi na kiwanda cha kwinini kipo hapo hapo mjini.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria, na nimewahi kumsikia bwana mmoja akijitetea kwa mkewe kwamba anakunywa toniki kwa ajili ya mbu. Tumpigie hesabu. Marekani kiwango cha juu cha kwinini kinachoruhusiwa katika toniki ni miligramu 83 kwa lita. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekuwa akitibiwa malaria kwa kwinini alipewa miligramu 600 mara tatu kwa siku, yaani 1,800. Bwana yule angehitaji lita zaidi ya 21 za toniki kila siku kwa siku saba, na kama kila glasi ina jini ndani yake, malaria isingekuwa na nafasi ya kumuua. Homa ikipanda, nenda ukapime, umeze dawa ya mseto kama ulivyoelekezwa.

Wa pili ni wa hapa hapa Afrika Mashariki, na jina lake halifichi kitu: unaitwa Dawa. Ulipata umaarufu Nairobi, katika mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980, na asili yake ni kinywaji cha Wabrazili cha pombe ya miwa, ndimu na sukari, kiitwacho caipirinha. Nairobi walitia vodka badala ya pombe ya Kibrazili, wakaongeza asali yetu na kijiti cha kukorogea. Asali hiyo ndiyo inayonirudisha Kibondo. Misitu ya miombo ya kule, inayoteremka kuelekea mabonde ya Moyowosi, ni nchi ya nyuki, na wazee huko wametundika mizinga ya magogo na magome tangu kabla ya kuja serikali yoyote. Asali yake ni nyeusi-nyeusi na ina moshi kwa mbali. Ukiipata, Dawa yako itaishinda ya Nairobi.

Utafanya hivi. Chukua glasi fupi nzito. Kata ndimu moja vipande vinne, iondoe mbegu, itie ndani na kijiko kimoja cha sukari. Iminye kwa mwiko mdogo au mwisho wa mchi, lakini usiitwange, maana ganda likipondeka linatoa uchungu mbaya. Jaza barafu iliyovunjwavunjwa; barafu ya maji yaliyochemshwa, tafadhali, kipindupindu hakijali kwamba una wageni. Mimina mililita 50 za vodka, au Konyagi, ukiwa na kipimo mkononi, usikadirie kwa jicho. Chovya kijiti kisafi katika asali, kizungushe mpaka ishike donge, kisha kiweke katika glasi. Mnywaji atakoroga mwenyewe kadiri anavyotaka utamu. Asali ikiwa imeganda kama samli usiitupe wala usimlaani aliyekuuzia kwamba ametia sukari. Asali nyingi nzuri huganda. Iweke chupa yake katika bakuli la maji ya moto, italainika.

Nimesema kipimo kwa sababu. Mililita 50 za Konyagi zina mililita 17 na nusu za kilevi kitupu. Chupa ya bia ya nusu lita, ya asilimia 5, ina 25. Kwa hiyo glasi mbili za Dawa zinaizidi bia nzima, na kwa kuwa ni tamu na baridi, glasi mbili zinakwisha kabla nyama haijageuzwa upande wa pili. Mwenye ufunguo wa gari mfukoni ajue hivyo mapema. Mjamzito na anayemeza dawa za hospitali wapewe ndimu na asali bila kilevi. Mimi naona ni tamu zaidi.

Turudi basi kwenye ile ndoo.

Kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani walipiga marufuku pombe nchi nzima. Watu hawakuacha kunywa, walianza kunywa kwa kificho, na pombe ya kificho ilikuwa mbaya. Ndimu, asali, sukari na maji ya matunda vikawa na kazi mpya, kuficha harufu ya kitu kibovu. Wapo waliokunywa spiriti ya viwandani ambayo serikali yao ilikuwa imeamuru itiwe sumu ili isinyweke, nao wakafa, wengine wakapofuka. Utamu uliwapitisha sumu kooni bila ulimi kupiga kelele.

Sumu yenyewe inaitwa methanoli. Ni ndugu wa kilevi cha kawaida, ethanoli, na kwa pua na ulimi huwezi kuwatofautisha. Kiasi kidogo hutokea chenyewe matunda yanapochachuka, nacho huchemka kwenye nyuzi 65 za Selsiasi wakati ethanoli husubiri mpaka 78. Lakini misiba mikubwa aghalabu haitoki katika ndizi. Inatoka kwa mfanyabiashara anayenunua methanoli ya kiwandani kwa bei rahisi akaiongeza katika gongo ili galoni moja iwe mbili. Novemba 2000 katika vitongoji vya maskini vya Nairobi walikufa zaidi ya watu 100 kwa pombe ya namna hiyo. Uganda nao walizika makumi ya watu mwaka 2010, kusini magharibi mwa nchi yao.

Hapa kwetu serikali ilipiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki, vile viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017. Ilikuwa sawa, kiroba kiliingia hata katika mfuko wa sare ya shule. Lakini kiu ya pombe kali ya bei ya chini haikupigwa marufuku pamoja nacho. Iligeukia chupa zisizo na lebo, na madumu yanayoingia mjini usiku. Mwandaa karamu aliyeishiwa fedha huambiwa na jamaa yake: usihangaike, nitakuletea lita tano, tia soda na juisi ya embe, hawatajua. Na kweli hawatajua, hapo ndipo ubaya ulipo.

Wapo wanaojisifu kwamba wanajua kupima: wanamwaga kidogo wakawasha kiberiti, moto wa buluu eti ndiyo salama. Uongo mtupu. Methanoli nayo huwaka buluu, tena moto wake mchana hauonekani vizuri. Hakuna kipimo cha sebuleni. Anayekunywa sumu hii hulewa kama kawaida, hulala, na balaa huja baadaye, saa 12 hata 24: kichwa kinauma kupita uchovu wa pombe, tumbo linasokota, pumzi inakuwa ya haraka, na macho yanaona ukungu kana kwamba theluji inaanguka mbele yake. Huyo asipewe supu wala kuambiwa alale. Apelekwe hospitali usiku huo huo, na chupa aliyokunywa ibebwe ikaonyeshwe, maana tiba ipo ikiwahi, na jicho likishakufa halirudi.

Siwasemi wanaopika gongo vijijini kana kwamba ni majambazi. Wauzaji wengi wa pombe za kienyeji ni akina mama, na nyuma ya pombe hiyo ipo daftari, sare na nauli ya mtoto. Polisi humwaga pipa, sare haijanunuliwa, na kesho pipa jingine linawekwa motoni ndani zaidi ya migomba. Lakini anayetia methanoli aghalabu si mama huyo. Ni yule wa katikati mwenye madumu na gari. Mama wa Kibondo akiuza rubisi yake mchana, mbele ya watu, penye kibali na usafi, hana haja ya kujuana na mtu wa madumu. Halmashauri zetu zinajua kutoza ushuru wa pombe za kienyeji. Zingeongeza na maji safi ya bomba karibu na vilabu hivyo tungekuwa tumefika mbali.

Kwa wale watakaouliza kama kuna cha kuwapa watoto na wasiokunywa, kipo, nacho ni kile kile cha kwanza: juisi ya ndizi kabla ya mtama. Ipunguze kwa maji yaliyochemshwa, sehemu moja kwa moja, kamulia ndimu, tia barafu. Inanywewa siku ile ile iliyokamuliwa. Hamira imo hewani na katika maganda, haingoji ruhusa ya mtu, na jioni utaona povu limeanza kupanda. Msafiri aliyeijaza katika chupa ya soda Kasulu asubuhi, akakaza mfuniko barabara na kupanda nayo basi la Mwanza, na aulegeze kila kituo, kama hataki kuwaosha abiria wenzake kabla ya kufika.